Sura ya 7: Nani Amekaa Juu ya Nguzo?

Katika mabasi yanayotoka Nairobi kwenda Mombasa kati ya Novemba na Machi, kuna swali lisilokosa kuulizwa. Huja mara nyingi baada ya Sultan Hamud, karanga zimeisha na usingizi haujakolea: "Yule ndege juu ya nguzo ni tai?" Jirani hujibu kwa uhakika mkubwa. Akimwona mkubwa husema ni tai. Akimwona mdogo husema ni mwewe, yule mwizi wa vifaranga. Basi linapita, ndege anabaki nyuma, na mazungumzo yanahamia bei ya mafuta.

Jibu lenyewe linategemea kitu ambacho abiria wachache hukifikiria: mwezi. Ndege wa Julai juu ya nguzo ile yaelekea ni mwenyeji, aliyeanguliwa Ukambani au Taita. Ndege wa Desemba huenda alianguliwa huko Kazakhstan, Mongolia, au karibu na mto Amur unaopakanisha Urusi na China, akaikimbia theluji na kuja kula kumbikumbi wa Tsavo. Sura hii inaeleza namna ya kumtambua ukiwa safarini, ukimwona kwa muda mfupi kupitia kioo chenye vumbi.

Tukubaliane majina

Ndege tunaowazungumzia huitwa kwa pamoja ndege mbuai, yaani ndege wanaoishi kwa kuwinda wanyama wengine au kula mizoga, wenye mdomo uliopinda na kucha za kukamatia. Bundi nao ni mbuai, lakini wao ni wa zamu ya usiku na hatutawagusa hapa. Majina ya Kiswahili hubadilika ukitoka Lamu kwenda Kigoma. Anayeitwa kipanga huku huitwa mwewe kule. Ili tusipotezane, ndani ya sura hii tutayatumia hivi:

- Mwewe: wa ukubwa wa kati, rangi ya kahawia, mkia wenye panda ambao huupindapinda akiwa hewani. Ndiye anayenyakua nyama mbele ya mabucha ya Mombasa.
- Kozi: mabawa membamba yaliyochongoka, mwendo wa kasi. Wengi ni wadogo.
- Kipanga: miguu mirefu na mkia mrefu.
- Shakevale: mnene, mabawa mapana, mkia mfupi. Hukaa sana juu ya nguzo.
- Tai: mkubwa, kichwa kinachochomoza mbele ya mabawa, manyoya marefu yaliyoachana kwenye ncha za mabawa.
- Tumbusi: mla mizoga. Ni mkubwa kuliko tai wengi, na akiwa hewani kichwa chake huonekana kidogo mno kwa mwili wake.

Pungu na karani tamba hawamo kwenye orodha kwa sababu wakionekana hawana wa kufananishwa naye. Tutakutana nao njiani.

Kwa nini akae barabarani?

Kuwinda kwa kuruka ni kazi ghali. Kila pigo la bawa linakula nguvu iliyopatikana kwa panya wa jana, na mwindaji anayeruka kutwa nzima bila kupata kitu anajimaliza mwenyewe. Kwa hiyo mbuai wengi wanapendelea njia ya pili: kukaa juu, kutulia, kutazama chini, na kushuka mara moja tu kitu kinapotikisika. Kinachohitajika ni kiti kirefu chenye uwanja wazi mbele yake.

Sasa tazama nyanda za Athi na Kapiti. Miti mirefu ni michache, tena imetawanyika. Halafu binadamu akaja akasimamisha nguzo, moja baada ya nyingine, kilomita na kilomita, na chini yake akafyeka nyasi za kando ya lami. Panya aliyekuwa amefichwa na nyasi ndefu sasa lazima avuke mahali peupe. Reli ya SGR iliyojengwa sambamba na barabara imeongeza matuta, ua na nguzo zaidi.

Chakula chenyewe nacho huletwa barabarani. Malori ya mahindi humwaga punje, hasa yanapopunguza mwendo karibu na mizani za Mlolongo na Mariakani. Punje huita panya na njiwa, na panya na njiwa huwaita wanaowala. Usiku magari hugonga sungura, nyoka na kanga; alfajiri mwewe na kunguru hupita kufagia kabla jua halijapanda. Ndiyo maana barabara kuu, pamoja na kelele na moshi wake, inaweza kukuonyesha mbuai wengi kuliko njia tulivu ya kijijini.

Kwa ufupi: nguzo humpa kiti, nyasi zilizofyekwa humpa uwanja, na magari humpa sehemu ya chakula.

Baridi ya kwao, vuli yetu

Katika nchi za Kaskazini, kuanzia Oktoba siku hufupika haraka. Wadudu hufa au hujificha. Vyura na mijusi huingia ardhini. Theluji ikianguka, panya huendelea na maisha yao chini yake, wakichimba vijia ambavyo jicho la juu halivioni. Mbuai aliyezoea kula panzi hana la kufanya ila kuhama. Anayekula panya anaweza kubahatisha: akipata mahali theluji ni chache, atabaki.

Hawa wanaobaki nao hukaa barabarani, kwa sababu zile zile. Msomaji wangu uliye Minnesota, Ohio au Ontario, ukiendesha gari Januari tazama miti iliyopukutika majani kando ya barabara kuu. Lile bonge jeupe tawini ni mara nyingi shakevale mkia-mwekundu, kifua cheupe na mkanda wa michirizi tumboni. Huyo ndiye wa kawaida kuliko wote huko. Mwenzake, shakevale miguu-manyoya, hutoka mbali zaidi: huzaliana katika nyanda za barafu za Aktiki, na kwake mashamba ya Minnesota ndiko kusini kwenye nafuu. Manyoya yake yamefunika miguu hadi kwenye vidole. Kwa kweli majira ya baridi ni wakati rahisi kuliko wote wa kuwaona mbuai wa huko, maana hakuna jani la kuwaficha.

Wengi wanaoondoka Ulaya na Asia wanakuja kwetu. Wakati kwao kunaganda, kwetu vuli inaanza. Mvua za Novemba huamsha kumbikumbi, panzi na viwavi, na nyika iliyokuwa kavu tangu Juni hujaa chakula kwa wiki chache. Wageni hawa wangechelewa mwezi mmoja wangekosa karamu.

Njia wanayopita inategemea mabawa. Tai na shakevale, wenye mabawa mapana, husafiri kwa kupanda mkondo wa hewa moto, yaani hewa inayopashwa na ardhi na kuinuka. Hupanda nao wakizunguka bila kupiga bawa, wakifika juu huteleza mbele kilomita kadhaa, kisha hutafuta mkondo mwingine. Bahari haina mikondo ya namna hiyo. Basi ndege hawa huizunguka: wengine huingia Afrika kupitia Suez, wengine huvuka mlango mwembamba wa Bab el-Mandeb kati ya Yemen na Djibouti, kisha hufuata nyanda za juu na Bonde la Ufa kuja kusini.

Kozi wa Amur hakubaliani na mpango huo.

Aliyevuka bahari

Ni ndege mdogo, uzito wake hauzidi gramu 200. Dume ana rangi ya kijivu iliyokolea, miguu ya machungwa na manyoya mekundu chini ya mkia. Jike ana tumbo jeupe lenye madoa. Huzaliana kusini mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China. Oktoba hushuka hadi kaskazini mashariki mwa India, hukusanyika kwa maelfu kwa maelfu katika jimbo la Nagaland, hujaza tumbo kwa mchwa, kisha huvuka India yote na kujitosa juu ya Bahari ya Hindi. Kutoka pwani ya India hadi Afrika Mashariki ni kama kilomita 3,000, bila kisiwa cha maana cha kupumzikia kwa sehemu kubwa ya njia. Upepo wa kaskazi humsukuma kutoka nyuma, upepo ule ule ulioleta majahazi Lamu na Zanzibar kwa karne nyingi. Huruka mchana na usiku, siku tatu au nne mfululizo.

Mwaka 2012 ilifichuka kwamba katika bwawa la Doyang, huko Nagaland, wenyeji walikuwa wakiwanasa kozi hawa kwa nyavu, maelfu kwa maelfu kila msimu, kwa ajili ya kuuza nyama. Picha zilisambaa. Mabaraza ya vijiji, makanisa na serikali wakakaa pamoja, na msimu wa 2013 ukapita bila nyavu. Mwaka huo huo kozi watatu walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti na wakapewa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Dunia ikawatazama kwenye ramani wakivuka bahari hadi Afrika. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa habari chache za uhifadhi ambapo watu waliokuwa wakilaumiwa ndio waliotengeneza mambo, tena upesi.

Huku kwetu hawakai sana. Hupita Novemba na Desemba wakifuata mvua, wengi wakielekea kusini mwa Afrika. Baada ya mvua kubwa kati ya Mtito Andei na Mackinnon Road, ukiona ndege wadogo wa kijivu wamepangana kwenye waya mmoja, ishirini, thelathini, wote wakitazama upande mmoja, na mwingine anatoka, ananasa kitu hewani kwa mguu na kukila akiendelea kuruka, hao wana nafasi kubwa ya kuwa wao. Hukaa kwa makundi, jambo ambalo mbuai wengi hawalifanyi.

Kioo cha basi na sekunde chache

Tuanze na la usalama. Mtazamaji ni abiria, dereva atazame lami. Kama unaendesha mwenyewe na umeona kitu cha ajabu, tafuta mahali salama pa kuegesha mbali na malori au umwachie Mungu.

Kiti pia kina maana. Ukitoka Nairobi asubuhi kwenda Mombasa, jua liko mbele kushoto, kwa hiyo upande wa kulia ndio wenye mwanga mzuri: ndege anaonekana na rangi zake. Mchana ukigeuka, hamia kushoto kama konda atakuruhusu. Ndege aliyekaa kati yako na jua hana rangi. Ni kivuli tu, na kivuli hudanganya kuhusu ukubwa.

Usihangaike kuangalia kila nguzo. Macho yaache yateleze juu ya mstari wa nguzo na usubiri ile iliyo ndefu kuliko wenzake. Ukishamwona, jiulize kwa mpangilio huu:

1. Ana ukubwa gani ukimlinganisha na kichwa cha nguzo au na kunguru? Kozi wengi wa barabarani ni wadogo kuliko kunguru. Shakevale anamzidi kunguru kwa unene. Tai anaifanya nguzo ionekane nyembamba.
2. Amekaaje? Wima kabisa, au amelala kidogo mbele?
3. Akiruka, ncha za mabawa zimechongoka au zimeachana? Mkia una panda, ni wa mviringo, au haupo?
4. Anafanya nini hewani?

Swali la nne ndilo linalosaidia kuliko yote, kwa sababu tabia huonekana hata kwa mbali. Ndege anayesimama hewani mahali pamoja, mabawa yakipepea na kichwa kikiwa kimetulia, mara nyingi ni ama kozi au mwewe mabega-meusi. Huyu wa pili ni mweupe tumboni, kijivu mgongoni, na mwenye mabaka meusi mabegani. Ukimpata karibu utaona jicho jekundu. Chakula chake kikubwa ni panya, na mkulima anayemrushia jiwe anajiibia mwenyewe.

Anayeruka chini chini juu ya nyasi, mita mbili au tatu kutoka ardhini, mabawa yakiwa yameinuka, akipinda huku na huku kana kwamba amedondosha kitu, ni kipanga wa nyasi. Novemba hadi Machi, kipanga wa nyasi wa Athi au wa Serengeti kwa kawaida ni mgeni kutoka Ulaya au Asia ya Kati. Madume ni ya kijivu, majike ni ya kahawia na baka jeupe kiunoni.

Na anayepita juu bila kupiga bawa, akiyumba kushoto na kulia kama mtu anayetembea juu ya kamba, asiye na mkia wa kuonekana, ni pungu. Mweusi, mwekundu usoni na miguuni. Mkia wake ni mfupi kiasi kwamba miguu huupita kwa nyuma. Hakuna ndege mwingine Afrika mwenye umbo hilo, na hata mtoto wa chekechea akionyeshwa mara moja hatamsahau.

Kwa ufupi: ukubwa, mkao, umbo la bawa na mkia, tabia. Rangi iwe ya mwisho, kwa sababu mbuai wadogo kwa umri huwa na rangi tofauti kabisa na wazazi wao.

Tai mla kumbikumbi

Kuna jambo linalowashangaza watu wengi. Tai anatarajiwa amkamate dikidiki, au walau sungura. Lakini mvua ikinyesha usiku karibu na Manyani, asubuhi yake unaweza kuwakuta tai wa nyika za Asia kumi au zaidi wakitembea juu ya udongo mwekundu, kifua wazi, miguu yenye manyoya ikinyanyuliwa juu ya nyasi zilizolowa. Mmoja anasimama mbele ya tundu la mchwa. Kumbikumbi wanatoka na mabawa yao mapya, wakisukumana. Tai anainamisha kichwa, anaokota mmoja kwa ncha ya mdomo, anameza, anaokota mwingine. Mdomo ulioumbwa kuchana nyama unafanya kazi ya kuku. Mabawa ya kumbikumbi yananata pembeni mwa mdomo na hajali.

Ndege mwenye uzito wa kilo tatu kufanya hivyo kunaonekana ni kujishusha hadhi, mpaka upige hesabu. Kumbikumbi wamejaa mafuta. Hawakimbii, hawapigani, na wanatoka kwa maelfu. Kumkimbiza sungura ni kamari; hapa ni sahani imewekwa mezani. Tai hawa pia hukusanyika kwenye makoloni ya kwelea, wale ndege wadogo waharibifu wa mtama na ngano, wakila makinda yanayoanguka.

Ukiwa karibu hivyo utaona alama yake: mstari wa njano wa kona ya mdomo umeenda nyuma hadi usawa wa ukingo wa nyuma wa jicho, utadhani anatabasamu. Mwenyeji anayefanana naye, tai wa kahawia, mstari wake huishia chini ya katikati ya jicho. Kutoka kwenye basi hutauona mstari wowote. Tumia hili badala yake: kundi la tai chini ardhini, msimu wa mvua za vuli, ni dalili ya wageni. Na akiruka, tai wa nyika aliye mchanga ana mkanda mweupe mrefu chini ya bawa, unaoonekana hata ukiwa mbali.

Kipande kwa kipande

Kutoka Mlolongo hadi Konza, angalia mwewe mabega-meusi kwenye nyaya na kipanga wa nyasi juu ya nyanda. Karibu na majabali ya Lukenya tazama juu pia. Shakevale wa milimani, mwenye mkia mwekundu wa kutu na tumbo jeupe au jeusi, hupenda miinuko. Mara chache, mbali kidogo na barabara, utamwona karani tamba akitembea kwa miguu yake mirefu na manyoya yametoka kisogoni. Yeye huwinda kwa kutembea, na nyoka humuua kwa mateke.

Emali hadi Makindu sina mengi ya kusema, lala kidogo.

Kutoka Kibwezi mibuyu inaanza. Kagua viota vikubwa vya miiba kwenye matawi. Ndani ya vingine hukaa kozi kibete, mbuai mdogo kuliko wote barani Afrika, uzito wake kama gramu 60. Hajengi kiota; huhamia kwenye viota vya kwera-nyati vichwa-vyeupe, na majirani hao wawili huvumiliana.

Mtito Andei hadi Voi ndicho kipande kinono, kwa kuwa barabara imepita kati ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Hapa kuna pungu, tumbusi na tai wa kila namna. Kwenye nguzo na vilele vya miti mikavu hukaa kipanga mwimbaji, kijivu, wima, miguu mirefu ya machungwa. Ni mwenyeji wa mwaka mzima na ndiye ndege ambaye abiria wengi humwita tai. Kuanzia saa tatu au nne asubuhi ardhi ikishapata joto, inua macho kutoka kwenye nguzo uangalie angani: wakubwa wameshapanda.

Baada ya Mariakani mashamba na nyumba zinaongezeka, na mwewe anachukua usukani hadi mjini, akifukuzwa na kunguru.

Msomaji wa Tanzania ana barabara zake. Ile ya Morogoro kwenda Iringa hukata hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na pungu huonekana bila kushuka garini. Kati ya Mombo na Same, milima ikiwa upande mmoja na nyika upande wa pili, wageni wa Asia hupita kila msimu. Na ukisafiri sehemu za juu zenye unyevu, Limuru, Kericho au mitelemko ya Kilimanjaro, mtafute tai-kishungi: mweusi, kishungi kirefu kikipeperuka kichwani, juu ya nguzo karibu na shamba, akisubiri panya.

Nguzo zinazidi kuwa tupu

Wazee wanaosema zamani ndege hawa walikuwa wengi hawapigi porojo. Watafiti walilinganisha hesabu za mbuai zilizofanywa kwenye barabara za Kenya kati ya 1970 na 1977 na nyingine zilizofanywa kati ya 2003 na 2020. Kati ya aina 22 walizozichunguza, 19 zilikuwa zimepungua, na upungufu wa kati kwa hizo 19 ulikuwa asilimia 70. Kinachouma zaidi ni kwamba walioporomoka sana wamo wale waliokuwa wa kawaida kabisa: shakevale wa milimani, tai-kishungi, kozi wadogo. Ndani ya hifadhi hali ilikuwa afadhali kuliko nje.

Hali ya dunia inafanana. Tai wa nyika aliwekwa na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, katika kundi la walio hatarini kutoweka mwaka 2015. Mwaka huo huo tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell waliingizwa katika daraja la hatari kubwa kabisa. Pungu na karani tamba walifuata mwaka 2020, katika daraja la tai wa nyika.

Sababu zinaingiliana. Nyika zinalimwa na kujengwa. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba au fisi hunyunyizia mzoga dawa ya kuua wadudu; tumbusi, wanaotafuta chakula kwa macho na kufuatana, hushuka kwa makumi kabla fisi hajafika, na hufa wote hapo. Tumbusi wengi hutaga yai moja tu kwa mara moja na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Msiba wa asubuhi moja huchukua miaka mingi kufidiwa.

Halafu kuna nguzo yenyewe. Ndege akigusa waya mmoja tu hadhuriki. Akigusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na chuma kilichounganishwa na ardhi, umeme hupita mwilini na kumuua papo hapo. Kozi ni mdogo, hafiki. Tai mwenye mabawa ya karibu mita mbili anafika kwa urahisi, hasa akiwa amelowa na anayakausha. Tai wa nyika hufa hivyo huko Kazakhstan na Mongolia, na akifika huku anakuta nguzo za aina ile ile. Dawa yake inajulikana: kuziachanisha nyaya zaidi, kufunika sehemu iliyo karibu na nguzo kwa kihami, au kuning'iniza waya chini ya mkono wa nguzo. Inagharimu kidogo ikifanywa wakati wa kujenga, na inagharimu sana ikisubiriwa hadi baadaye. Nchi zetu zinasambaza umeme vijijini kwa kasi, jambo jema kwa kila mtu, na huu ndio wakati wa kuchagua nguzo ya kusimamisha. Kwa maoni yangu hili lingeokoa tai wengi kuliko makongamano kumi.

Kazi ya abiria

Hesabu zile za miaka ya 1970 zilipatikana kwa watu kukaa ndani ya gari, kutazama na kuandika. Wewe una simu. Kenya ina mradi wa ramani ya ndege uitwao Kenya Bird Map, na Tanzania ina Tanzania Bird Atlas. Yote miwili inapokea taarifa za watu wa kawaida. Kinachohitajika ni hiki:

- tarehe na saa;
- mahali, kwa jina la mji ulio karibu au kwa alama ya simu;
- ndege uliyemwona, na kama huna uhakika andika "kozi mdogo" au "tai mkubwa" bila kubahatisha jina;
- idadi.

Watu wengi hutuma pale tu walipoona kitu cha kusisimua, na hapo ndipo hesabu huharibika, kwa kuwa anayezisoma hawezi kujua kama palipo kimya hapakuwa na ndege au hapakuwa na mtazamaji. Ukisafiri kutoka Voi hadi Maungu macho yakiwa wazi na usione hata mmoja, andika sifuri, weka tarehe, utume.